Nguo ya Kuazima

NEEMA: Tuko hewani. Na kabla Zuhura hajapumua: leo nimekuja na daftari. Nimeandika mambo matano yanayomfanya mwanamke aonekane maridadi, nimeyapigia mstari kwa rula kabisa. Leo tunafika la tano.

ZUHURA: Salamu kwanza, Neema. Watu hata hamjambo hawajaambiwa.

NEEMA: Hamjambo. La kwanza...

ZUHURA: La kwanza lisubiri. Jumamosi nilikuwa harusini.

NEEMA: [anacheka] Nifunge daftari?

ZUHURA: Liache wazi, utalihitaji. Ile harusi ya sare ya kijani, mnaikumbuka.

NEEMA: Ya fundi wa "kesho jioni".

ZUHURA: Huyo huyo. Kesho jioni yake imefika Ijumaa saa nne usiku. Lakini gauni lilikaa, shoga! Kiunoni limeshika, chini limeachia, ukitembea linakufuata. Nikasema gauni hili haliendi ukumbini bila udi. Jumamosi mchana nikawasha mkaa, nikautia kwenye chetezo, udi juu yake, kapu likafunika, gauni nikalitandaza juu ya kapu.

NEEMA: Mkaa ulishika majivu?

ZUHURA: Mtu wa Moshi umejulia wapi mambo ya majivu?

NEEMA: Kwako! Kila mwezi unatuhubiria. Mkaa ushike majivu kwanza, udi uungue taratibu, utoe moshi usitoe moto. Nimekariri kama katekisimu.

ZUHURA: Basi siku hiyo mwalimu alikuwa na haraka. Na kitambaa chenyewe shifoni. Ingekuwa pamba, cheche ingeacha alama ya rangi ya chai, ukafua, ukasahau. Shifoni zetu hizi za dukani haziungui, zinayeyuka. Tundu la ukubwa wa sarafu ya mia mbili, nyuma, chini kidogo ya kiuno, kingo zimekakamaa kama mfuko wa plastiki uliopitiwa na moto. Na sikuliona.

NEEMA: Hukuliona vipi?

ZUHURA: Kioo changu kinaonyesha mbele.

NEEMA: [anacheka sana] Jamani!

ZUHURA: Nimefika, naingia kwa madaha, nanukia mpaka wahudumu wanageuka. Nasikia sauti nyuma yangu, ya upole kabisa: "Mwanangu, huku nyuma umeacha dirisha."

NEEMA: Dirisha!

ZUHURA: Nageuka, ni mama mmoja mtu mzima. Na hapa ndipo nilipotaka kukufikisha na daftari lako. Mama yule hakuwa na sare. Gauni lake la pamba la kawaida tu, kanga moja mabegani, wanja, hina kwenye kucha peke yake, mkufu mmoja mwembamba. Kishada cha asumini kwenye nywele, basi. Meza nzima sisi wenye kope za bandia na wigi tunaonekana tumechoka, yeye kama katoka kuoga sasa hivi.

NEEMA: Haya, hilo naliandika. "Kama katoka kuoga sasa hivi."

ZUHURA: Akafungua mkoba. Sindano imeshatungwa uzi. Pini za kufungia. Leso ya mkononi imepigwa pasi. Na kanga ya pili ya doti ile ile aliyojitanda, imekunjwa kama bahasha. Akanipa: "Jifunge kibwebwe, mwanangu, harusi ni ngoma."

NEEMA: Rangi?

ZUHURA: Kijani na nyeupe! Ungedhani tumepanga. Nikaikunja, nikaifunga nyongani, dirisha likafungwa. Nikamshukuru mpaka nikataka kumbusu mkono. Ikaja saa ya kutunza. Bibi harusi kasimama mbele na wazazi wa pande zote mbili. Nikaingia na noti zangu, nikamtunza, nikazunguka, na unanijua mimi muziki ukikolea.

NEEMA: Ukawapa mgongo.

ZUHURA: Nikawapa mgongo, nikashuka chini kidogo, na kibwebwe kikafuata. Emsii naye, mkono na kipaza sauti, akaona maandishi, akasoma.

NEEMA: Hapana.

ZUHURA: Kwa sauti: "Mdhaniaye ndiye kumbe siye!"

NEEMA: [kelele, kiti kinasogea] Mbele ya bibi harusi!

ZUHURA: Mbele ya bibi harusi, mama yake, mashangazi zake na nusu ya watu wa Tanga. Muziki uliendelea, lakini ile shangwe ilipungua, unaisikia kabisa, kama mtu kafunika sufuria.

NEEMA: Subiri. Wewe ni mzaliwa wa Tanga. Unachukua kanga, unaifunga, unakwenda kuichezea mbele ya mkwe, HUJAISOMA?

ZUHURA: Ilikuwa imekunjwa!

NEEMA: Mimi ambaye kwetu tumezoea vitenge, kanga yoyote nikipewa nasoma jina kwanza. Hata ya kulalia. Tena hilo ndilo somo lako mwenyewe, kipindi cha Ramadhani: usitazame pindo, usitazame mji wa katikati, tazama jina, kwa sababu pindo na mji vinakupamba wewe, lakini jina linamwendea mwingine.

ZUHURA: Unanitupia maneno yangu.

NEEMA: Wahenga walikuonya kabla yangu. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

ZUHURA: [anacheka] Ilisitiri! Ndiyo tatizo lenyewe, ilisitiri na ikaongea. Laiti ingekuwa ya kizamani, zile za mwanzo zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, emsii wetu yule asingeambulia kitu.

NEEMA: Angesema ni maua.

ZUHURA: Angesema maua, ningerudi kukaa. Mombasa wanamtaja mzee Kaderdina Hajee Essak, yule wa "Mali ya Abdulla", duka la tangu 1887, kwamba ndiye aliyeanza kutia maneno kwenye leso, ndivyo wanavyoita kanga. Mzee, popote ulipo, umeniponza.

NEEMA: Sasa swali la kipindi. Yule mama alikuwa nani?

ZUHURA: [kimya kidogo] Shangazi wa bwana harusi.

NEEMA: Hiii! Alijua.

ZUHURA: Hakujua.

NEEMA: Zuhura! Shangazi wa bwana harusi, mkobani ana "mdhaniaye ndiye kumbe siye", siku ya harusi, na anamtafuta mgeni mwenye kiuno chepesi wa kuibeba mpaka mbele?

ZUHURA: Alitoka nyumbani na doti yake. Hakujua kama mimi nina tundu!

NEEMA: Ya kwake pale mabegani, jina lilikuwa linaonekana?

ZUHURA: ...

NEEMA: Wasikilizaji, amenyamaza.

ZUHURA: Alikuwa ameikunja. Jina limeingia ndani.

NEEMA: Alijua! Ya kwake kaficha, ya kwako kaitoa barabarani. Mama huyo ni jasusi.

ZUHURA: Au ndiyo heshima yenyewe. Kavaa kanga aipendayo kwa rangi, akajua jina haliendani na shughuli, akalikunja ndani. Mimi ndiye niliyeifunga vibaya. Angeniambia nini, "nakusitiri ila usigeuke"?

NEEMA: Ndiyo! Maneno matatu hayo.

ZUHURA: Angekuwa na kisutu cha kizamani pale, kanga isiyo na maneno, ningefunga kisutu, mambo yakaisha.

NEEMA: Nyekundu, nyeusi na nyeupe juu ya gauni la kijani, tena ni nguo ya bibi harusi. Hapo ndio ungefukuzwa kabisa. Haya, wiki hii wasikilizaji watuambie, alijua au hakujua. Sasa naomba nisome la kwanza kwenye daftari. Naomba.

ZUHURA: Soma.

NEEMA: "Moja. Nguo ikukae." Yaani nguo ya bei ndogo iliyokatwa kwa vipimo vyako inaipita ya bei kubwa uliyonunua imeshashonwa. Bega liishie begani kwako. Pindo la chini likae sawa mbele na nyuma ukivaa kiatu utakachovaa siku hiyo, kwa hiyo nenda kwa fundi na kiatu. Mimi naliamini hili.

ZUHURA: Mimi silipingi, ila sio la kwanza. Gauni langu lilikaa. Nimekwambia lilikaa. Na nikapitwa na mama mwenye gauni la pamba. La kwanza ni mwili wenyewe: maji, harufu, kucha, nywele. Halafu utulivu. Nguo inakuja ya mwisho.

NEEMA: Na hapo ndipo tunapokosana, maana hayo yako yanataka muda, na muda ni hela. Huyo mama alikuwa na sindano yenye uzi kwa sababu alipata nafasi ya kukaa akapanga mkoba. Mimi nimeamka saa kumi na moja, nimesimama kwenye daladala kutoka Mbagala, nimeshuka mjini gauni la pasi limekuwa karatasi ya kufungia karanga. Udi nitaufukiza saa ngapi?

ZUHURA: Sio hela, Neema. Bibi yangu Ngamiani alikuwa muuza vitumbua. Asubuhi yote moto na mafuta. Ikifika saa kumi jioni anaoga, anavua kanga ya kazi, anafunga ya jioni, asumini ya uani anachomeka, anatoka barazani. Alikuwa na doti nne tu maisha yangu yote namjua. Watu wakipita wanapunguza mwendo.

NEEMA: Saa kumi hiyo anaoga, vyombo vya vitumbua anaosha nani?

ZUHURA: Mama. Na mama mdogo.

NEEMA: Basi.

ZUHURA: Basi nini?

NEEMA: Basi umaridadi wa bibi ulikuwa na watu wawili jikoni.

ZUHURA: Hao watu wawili walikua, nao wakaoga saa kumi. Ilikuwa zamu. Na bibi hakuwa anamwogea mwanaume, babu alishafariki zamani. Alikuwa anajiogea mwenyewe. Saa moja ya siku ambayo hakuna mtu anayemdai kitumbua.

NEEMA: Nzuri. Lakini sio kila mtu ana zamu. Mama yangu Jumapili, mvua za Aprili, udongo wa kule kwetu mlimani mnaujua unavyonata. Viatu vimepakwa rangi Jumamosi usiku, anavitia kwenye mfuko, anatembea pekupeku mpaka karibu na kanisa. Kuna bomba pale. Ananawa, anakausha miguu kwa kipande cha khanga chakavu, vidole kimoja kimoja, ndipo anavaa. Anaingia hana hata tone la tope, kilemba kimesimama.

ZUHURA: Si ndicho ninachosema! Hakuwa na hela, hakuwa na mtu jikoni, na alikausha vidole kimoja kimoja. Huyo ndiye maridadi wangu.

NEEMA: Wewe unaona umaridadi. Mimi nilikuwa nimeshika ule mfuko. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Alifanya vile kwa sababu aliyeingia na tope alikuwa anatazamwa benchi zote. Huo ni woga, Zuhura, tunauita umaridadi kwa sababu umependeza.

ZUHURA: Kwa hiyo mama yako alikuwa mwoga?

NEEMA: Usimguse mama yangu.

ZUHURA: Wewe umemwacha wangu jikoni anaosha masufuria.

[kimya]

NEEMA: Umemwacha wewe. Mimi nimeuliza tu.

ZUHURA: Haya.

NEEMA: Haya.

ZUHURA: Sijakubali lakini.

NEEMA: Na mimi sijakubali. Nikisimama na wewe barazani kwa bibi nakuelewa, nikirudi kwenye daladala sikuelewi tena.

ZUHURA: Mimi hata kwenye daladala najielewa. Kichupa cha marashi hakikai kiti cha mtu.

NEEMA: Kijana wetu wa mitambo ananyoosha vidole vitatu. Dakika tatu! Nimesoma jambo moja kati ya matano, na lenyewe limepingwa.

ZUHURA: Yataje harakaharaka.

NEEMA: Hayatajiki harakaharaka. La tatu lina vifungu. La nne tu niseme, kwa sababu lina madhara: piko ni rangi ya nywele. Msijichoree maua nayo mikononi, kuna ngozi inavimba malengelenge. Maua ni hina. Mengine... aa, basi. La pili lilikuwa misuko, nilitaka kuitetea twende kilioni, watu wanaidharau kwa sababu ya jina, mistari inarudi nyuma, safi, uso unaonekana wote...

ZUHURA: Hiyo ni kipindi kizima.

NEEMA: Ndiyo maana naacha. Zuhura, swali la mwisho. Kanga ya watu iko wapi?

ZUHURA: Nairudisha Jumapili. Nimepewa namba na bibi harusi mwenyewe.

NEEMA: Anaongea na wewe?

ZUHURA: Kwa ujumbe mfupi. Mfupi sana.

NEEMA: Umeifua?

ZUHURA: Nimeifua, nimeianika kivulini isipauke, nimeipiga pasi, nimeikunja jina ndani.

NEEMA: Na huwezi kurudisha kanga ya mtu wa heshima hivi hivi, bila harufu.

ZUHURA: Haiwezekani.

NEEMA: Kwa hiyo umeifukiza.

ZUHURA: Kidogo tu.

NEEMA: Zuhura. Mkaa ulishika majivu?

ZUHURA: Ile ni pamba, Neema, pamba haiyeyuki.

NEEMA: Sijauliza kama inayeyuka.

ZUHURA: Kuna kaalama. Karangi ka chai. Kapo kwenye herufi, huwezi kukaona usipoambiwa.

NEEMA: Herufi gani?

ZUHURA: Tukutane wiki ijayo, wapendwa.

NEEMA: Herufi gani, Zuhura?

ZUHURA: Ile "si" ya "siye".

NEEMA: [anacheka, haisikiki anachosema] ...inasomeka "kumbe ye"!

ZUHURA: Zima, kijana. Zima.