Martha Karua: wakili aliyeenda bunge akarudi kortini

Haya wanafunzi wangu, mje mbele jamani, viti viko. Leo tuwache vifungu vya sheria kidogo tuongee kuhusu Martha Karua, juu wengi wenu mnamjua tu kama mgombea mwenza wa Raila 2022, na hiyo ni sehemu ndogo sana.

Amezaliwa 1957 Kirinyaga, akasoma sheria pale Chuo Kikuu cha Nairobi, 1981 akawa hakimu. Amekaa korti za Makadara na Kibera hapa Nairobi, na kama umewahi kuingia korti za aina hiyo asubuhi unajua, watu wanatolewa seli wamefura macho, mama wa chang'aa, hawker, kijana ameshikwa usiku hana kitambulisho, na karibu wote hawana wakili. 1987 akatoka akafungua ofisi yake mwenyewe.

Sasa hapa ndio nataka mnisikize. Miaka hiyo Kenya ni chama kimoja, Koigi wa Wamwere, mwanasiasa mpinzani wa serikali, ameshtakiwa uhaini, adhabu yake ni kunyongwa, na kumtetea mtu kama huyo ilikuwa ni kujiweka wewe mwenyewe kwa orodha ya serikali. Karua alikuwa kwa timu ya mawakili wake. Kwangu mimi siasa yake ilianzia hapo, kortini, sio kwa jukwaa.

Vyama vingi vikarudi, 1992 akasimama ubunge Gichugu, huko Kirinyaga, kwa tiketi ya chama cha DP (Democratic Party) akachukua kiti, na akakikalia hadi 2013, miaka zaidi ya 20! Akawa waziri wa maji, halafu wa sheria. Aprili 2009 Rais Kibaki akateua majaji bila kumhusisha, yeye waziri wa sheria, akaandika barua akajiuzulu. Jamani, Kenya hii waziri aache gari na bendera mwenyewe, mmeona wangapi? Mimi siku hiyo nilisimama sebuleni na kikombe cha chai mkononi mpaka habari ikaisha.

Na hajapumzika. Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani Uganda, aliposhikwa, Karua akaenda Kampala kumtetea, kwanza wakamnyima leseni ya kufanya kazi huko, Januari 2025 wakampa. Mei hiyo hiyo 2025 akapanda ndege kwenda Dar kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani Tanzania, wakamzuia uwanjani wakamrudisha Nairobi. Wakati huo alikuwa na miaka 67. Na shtaka la Lissu ni lile lile la Koigi, uhaini.

Haya, maswali.