Kuku kwenye shamba la parachichi: mbolea ipo, swali ni inadondokea wapi

Kamweneee! Haya asanteni, mliosimama nyuma sogeeni huku maana spika imegoma. Leo naongelea kuku chini ya miparachichi, na siongelei mayai wala bei, naongelea udongo tu, maana hapa Njombe siku hizi kila mtu ana miche ya Hass, ile aina ya parachichi, na kila mtu kashaambiwa aweke kuku humo humo apate mbolea ya bure.

Mbolea kweli ipo. Udongo wetu mwingi wa Nyanda za Juu Kusini una asidi, fosforasi hata ukiiweka inakamatwa na chuma na aluminiamu humo ardhini, mti unaambulia kidogo. Sasa kuku anakula mahindi na pumba, fosforasi iliyomo tumbo lake haliwezi kuivunja yote, inatoka nyuma. Wa mayai ndo zaidi, chakula chake kina kalisiamu kama asilimia 3.5 hadi 4 na haiishii yote kwenye ganda la yai, inayobaki inashuka chini na kupunguza asidi taratibu. Hapo sina ubishi.

Ila jamani kuku hamwagi mbolea kama wewe unavyomwaga kwa ndoo. Sehemu kubwa anaiacha bandani usiku, na mchana hapendi kwenda mbali, anaogopa mwewe, kwahiyo anashinda kwenye miti ile ile iliyo karibu na banda. Nenda shamba lolote ambalo banda halijawahi kuhama, angalia ule mti wa kwanza mlangoni. Chini peupe, hamna hata jani, udongo umekandamizwa kwa miguu mpaka jembe linadunda, mvua ikinyesha maji yanateleza juu yanaondoka na udongo. Inama uchimbe kidogo, harufu ya amonia inakupiga puani, hiyo ni naitrojeni uliyoilipia kwenye mfuko wa chakula inapaa hewani, na inayobaki masika inaizamisha kwenda kwenye maji ya kisima. Kisha tazama majani ya zamani, ncha zimeungua rangi ya kahawia. Parachichi haivumilii chumvi kabisa, na kinyesi cha kuku kina chumvi. Wakati huo miti ya mwisho kule bondeni ina njano ya njaa!

Na kuna hili la kuchakura. Mizizi ya parachichi inayonyonya chakula iko juu juu, mingi ndani ya sentimita 30 za mwanzo, ndo maana tunawaambia wekeni matandazo. Kuku akiona matandazo anaona wadudu, anachakura mpaka mizizi inabaki nje inakauka na jua. Zungushieni waya au mawe makubwa kwenye shina, hasa miche.

Idadi sasa. Umoja wa Ulaya kikomo chao cha naitrojeni ya samadi ni kilo 170 kwa hekta kwa mwaka, na kanuni zao za kilimo hai za 2008 zikakipigia hesabu: kuku wa mayai 230 kwa hekta, yaani kama 93 kwa heka. Kanuni hizo hizo zikasema kila kuku apate mita za mraba 4 za kutembea nje, ambayo ukigawa inakupa kuku 2,500 kwa hekta. Mnaona tofauti? Nafasi ya kumtosha kuku haimaanishi udongo umetosheka. Na wewe una robo heka na kuku 300 wale chotara wa kuroiler, halafu unashangaa.

Mimi naona tengeneza banda jepesi la mbao na bati ambalo watu wawili wanalibeba, lihame kabla nyasi hazijaisha, sio baada. Mbolea ya usiku ianguke kwenye maranda, yazoe, yalundike yaive, ndo upeleke kwa ile miti ya mbali.

Mama pale anauliza atajuaje shamba lake limezidiwa. Chukua udongo sampuli mbili, usizichanganye mama yangu, moja karibu na banda na nyingine mwisho wa shamba, kina kile kile, ukapimishe pH, yaani kiwango cha asidi, fosforasi na chumvi. Ukichanganya utaletewa wastani mzuri tu na miti yote miwili inaumwa.