Hedhi Ikikoma, Tuangalie Mapaja

Kina mama, karibuni, ketini. Sasa inukeni tena, bila kushika meza wala goti. Haya. Nimewaona walioshika, na nimenyamaza.

Walionisikia kwingine wanajua siachi kiti nyumbani. Sisi wa fiziotherapia tunampima mtu hivi: akunje mikono kifuani, aketi na kuinuka mara 5 mfululizo. Akipita sekunde 15, tunashuku nguvu za misuli zimepungua. Hutolewi damu, hulipi picha. Na bado mama anazungushwa kliniki moja hadi nyingine, akirudi na mfuko wa vidonge.

Kuna mmoja anauza sukuma wiki Kangemi, anaikata kutwa akiwa juu ya kreti la soda. Hedhi ilikuwa imekoma mwaka uliotangulia. Kilichomleta ni matatu: kupanda mpaka avute chuma cha mlango kwa mikono miwili, makanga akimsukuma mgongoni, "Mathe, harakisha!" Jirani kamwambia ni baridi yabisi, binti kamwambia ni unene, duka la dawa likamuuzia vidonge vya mifupa. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, hebu inuka nikuone. Mimi nikamwambia. Akainama mbele, akasukuma mapaja kwa viganja, akapumzika katikati, ndipo akasimama. Mapaja, jamani!

Hedhi kukoma kati ya miaka 45 na 55 mnakujua, sirudii. Ila estrojeni, ile homoni ya kike inayoshuka hedhi ikikoma, haikuwa ya kizazi peke yake. Misuli nayo ina vipokezi vyake, yaani sehemu za kuipokea, na homoni hiyo husaidia seli zinazokarabati misuli. Ikishuka, ukarabati unazorota. Hapo umri nao ulishaanza: tangu miaka 30 hivi, misuli hupungua asilimia 3 hadi 8 kila miaka 10. Zinazotangulia kukonda ni nyuzi za nguvu za ghafla, zile za kukudaka ukijikwaa sokoni Gikomba. Ukianguka, mfupa nao umeshapoteza madini.

Najua kuna anayesema moyoni, "Daktari, mimi nabeba mtungi wa lita 20 kila asubuhi, mazoezi gani tena?" Mama, mtungi huo ni kilo 20 tangu uolewe! Mwili ulishauzoea. Misuli huongezeka mzigo ukiongezwa kidogo kidogo. Kufua na kubeba kutakuchosha, lakini hata kusimama foleni kunachosha.

Na wewe unayecheka hapo nyuma, eti utaota kifua cha mwanamume: wanaume wenyewe, na homoni zao zote, wanahangaika miaka jimu. Wewe utakitoa wapi?

Wala msiniambie mmechelewa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walichapisha habari za wazee 10 dhaifu wa makao ya wazee, umri wao kama miaka 90. Walifanya mazoezi ya uzito kwa miguu wiki 8. Kwa 9 waliomaliza, nguvu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wewe una 54 unaniambia umezeeka!

Yule wa Kangemi alianza na makreti mawili, moja juu ya jingine, anaketi na kuinuka akisubiri wateja. Baadaye kreti moja, maana kiti cha chini ni kigumu zaidi kuinuka. Baadaye kreti moja na mfuko wa viazi kifuani. Siku hizi anapanda matatu kwa mkono mmoja. Makanga bado anapiga kelele, lakini huyo si mgonjwa wangu.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nakimbia. Siku 2 au zaidi kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyosema kuhusu mazoezi ya nguvu. Chakula: ndengu, maharagwe, omena, mayai. Chai na mkate havijengi paja. Jasho la usiku na kukosa usingizi, semeni kliniki, yana tiba. Homoni za kumeza husaidia jasho hilo na mifupa, ila si za kila mtu: daktari akuulize kwanza kuhusu saratani ya matiti na damu kuganda. Na hata ukizimeza, kiti bado utainuka mwenyewe.

Mkojo unaotoroka ukipiga chafya, hiyo nayo ni misuli na ina mazoezi yake. Sitayaeleza kwa maikrofoni, mchungaji ameketi pale. Njooni mezani mmoja mmoja, jifanyeni mnaniuliza habari za magoti.