Mausi Inaganda Tena? Usikimbilie Kununua Nyingine

BARAKA: Haya karibuni tena, leo hatuna mgeni, tupo wawili tu, mimi Baraka na dada Zuhura, na dada Zuhura kaingia hapa na bahasha ya kaki ina mausi tatu ndani. Dada, za nini hizi?

ZUHURA: Za stesheneri kwangu kaka. Zote tatu nimenunua ndani ya miezi miwili, nikaziweka pembeni moja moja nikijua zimekufa, na jana usiku nimezijaribu zote, nzima kabisa. Iliniuma sana. Ndo maana nikasema leo tuliongelee hili maana najua kuna watu huko wanatupa mausi ambazo hazina kosa lolote.

BARAKA: Ebu anza mwanzo. Ilikuwa inafanyaje?

ZUHURA: Inaganda. Unasogeza mkono mshale umelala palepale, mara unaruka mpaka kona ya pili, unatulia, unaenda vizuri dakika nzima, unaganda tena. Na ujue kazi yangu kubwa ni picha za pasipoti, mteja kasimama kaunta, mi nafuta ile rangi ya nyuma niweke bluu, nafika sikioni mshale unaruka sikio lote linaondoka. Kuna mama alisubiri weee mwisho akaniambia mwanangu acha tu nitarudi kesho. Hakurudi.

BARAKA: Na betri ulibadilisha?

ZUHURA: Betri ndo cha kwanza, nilibadilisha mpaka muuza duka jirani akaniuliza nina tochi ngapi. Nikanunua mausi ya pili, ya tatu, zote zisizo na waya, za kuchomeka kile kidude kidogo cha USB kinachopokea mawimbi ya mausi. Sasa kuna kaka mmoja anapiga video za harusi, kila wiki analeta hadidiski yake ya nje nimchagulie picha za kuprinti, nikaanza kuona mbona matatizo yanakuja siku zake? Nikajua ni virusi. Nikaiskani hadidiski yote, ikachukua asubuhi nzima, safi. Basi kamaliza, kachomoa diski yake kaishika mkononi anahesabu hela, na mimi huku mshale unateleza kama umepakwa mafuta. Nikamwambia kaka ebu irudishe. Karudisha, umeganda. Toa, unakimbia. Tulirudia mara tano mpaka wateja wakaanza kutushangaa.

BARAKA: Subiri. Kile kidude cha mausi kilikuwa poti gani?

ZUHURA: Poti ya jirani. Zile za bluu mbili zilizobanana upande mmoja wa laptopu.

BARAKA: Basi ndo hapo penyewe. Sikilizeni na nyie huko maana hili jambo hata mafundi wengi hawalijui. Zile poti za bluu ni USB 3.0, zinapitisha data kwa kasi ya hadi gigabiti 5 kwa sekunde, na ikiwa inafanya kazi hivyo, ule waya na ile plagi vinavujisha kelele ya redio hewani. Sasa mausi yako isiyo na waya inaongea na kile kidude kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kelele yenyewe inaangukia hapohapo. Intel wenyewe, wale wanaotengeneza chipu za kompyuta, walitoa waraka mwaka 2012 wanaeleza hili tatizo. Kwa hiyo mausi inaongea, kidude hakisikii, ni kama unaongea na mtu aliyekaa pembeni ya spika ya kigodoro.

ZUHURA: Na kweli, mi nimehamisha tu kidude upande wa pili wa laptopu, kwisha. Sijagusa kitu kingine.

BARAKA: Na wenye kompyuta ya mezani wengi wanachomeka nyuma kabisa ya sipiyu, sipiyu yenyewe ya bati, ipo chini ya meza imebanwa ukutani, mausi ipo juu. Hapo nunua ule waya mfupi wa kuongezea USB, uvute kidude mpaka juu ya meza, kiwe karibu na mausi. Ni waya wa bei ndogo kuliko mausi mpya.

ZUHURA: Enhe... umesikia hiyo?

BARAKA: Nini?

ZUHURA: Kompyuta yako imelia. Tu-dum. Imelia tena. Kaka sogeza mausi yako.

BARAKA: Imekufa... imerudi. Hii ya waya inanifanyia hivi tangu Ijumaa.

ZUHURA: Sasa hii sauti ndo kitu nilitaka watu wakae nayo. Windows ikipoteza kifaa inalia, kikirudi inalia tena. Kwa hiyo mausi ikiganda, kabla hujaipigapiga mezani, tega sikio. Ikilia, maana yake muunganiko umekatika kabisa, angalia waya, poti, plagi. Isipolia na mausi yako haina waya, basi kidude bado kipo kwenye poti kinaonekana, tatizo lipo kati ya mausi na kidude au kwenye mausi yenyewe: betri, kelele kama yangu, au ile taa ya chini haioni meza.

BARAKA: Ile ya chini kuna kikamera kinapiga picha za meza zaidi ya elfu moja kwa sekunde, kinalinganisha picha na picha kijue umeenda wapi.

ZUHURA: Ndiyo, sasa mtu ana kaunta ya kioo na anaweka mausi juu ya kioo kitupu. Itaona nini? Weka karatasi ya A4 chini, jaribu. Na igeuze uangalie kile kitundu, unywele mmoja tu ukiingia pale mshale unatetemeka wenyewe.

BARAKA: Tuna swali la mwalimu mmoja wa sekondari, anasema anaandaa mitihani kwenye laptopu, akienda chai akirudi mausi imezima mpaka achomoe achomeke upya. Asubuhi nzima ipo vizuri, ni akirudi tu.

ZUHURA: Mwalimu, shikamoo kwanza. Kwanza bonyeza kitufe cha mausi badala ya kuisogeza tu, maana nyingi zisizo na waya zinalala zenyewe kutunza betri na zinaamka kwa kubonyezwa. Kama inaamka, haina ugonjwa.

BARAKA: Isipoamka, hiyo ni Windows inakata umeme wa poti ili kubana matumizi. Na utaniuliza nitafikaje kwenye seting'i wakati mausi imekufa, sasa shika kitufe cha Windows na X pamoja, achia, bonyeza M, inafunguka Device Manager, ile orodha ya vifaa vya kompyuta. Shuka na mishale ya kibodi mpaka palipoandikwa Universal Serial Bus controllers, mshale wa kulia pafunguke, nenda kwenye USB Root Hub, bonyeza Enter. Ctrl na Tab zinakuhamisha kurasa mpaka Power Management, pale kuna tiki inayoruhusu kompyuta kuzima kifaa, itoe. Hub zikiwa mbili au tatu fanya zote. Kuna laptopu mpya ukurasa huo hauonekani, hizo jaribu kwenye mipango ya umeme, palipoandikwa USB selective suspend, paizime.

ZUHURA: Na kabla ya yote hayo ristati. Ristati, siyo shatidaun. Tangu Windows 8 ukizima kompyuta kawaida huwa haizimi yote, inahifadhi sehemu ili kesho iwake haraka, na tatizo la jana linaamka nalo. Ristati ndo inaanza upya kabisa.

BARAKA: Hiyo watu wengi wanaichanganya. Haya, na hii yangu?

ZUHURA: Lete. Shika waya hapa shingoni unapoingilia kwenye mausi, ukunje taratibu huku na huku, usivute. Macho kwenye taa.

BARAKA: Taa imezima.

ZUHURA: Na imelia. Nyoosha.

BARAKA: Imewaka, imelia.

ZUHURA: Basi nyuzi za ndani zimekatika hapohapo, poti yako nzima. Hii kweli imekufa, labda fundi akate kipande aunganishe upya, ila hiyo kazi inalipa kwa mausi ya bei kubwa, siyo hii. Chagua moja kwenye bahasha.

BARAKA: Yoyote?

ZUHURA: Yoyote, ila hii nyeusi fungua kwanza sehemu ya betri, betri ya zamani ilivuja. Unaona huo unga mweupe kwenye springi? Kijiti cha pamba, tone la ndimu, futa, kausha vizuri kabisa ndo uweke betri mpya. Na hadidiski yako iko poti gani?

BARAKA: Ya bluu, kushoto.

ZUHURA: Kidude chomeka kulia.