Kabla ya Vidonge vya Chuma, Ulizeni Habari za Doa

Asanteni. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka. Ndiyo, mmeniita kuzungumzia utumbo, nami nitaanzia kwenye ngozi.

Mama mmoja alinijia amechoka, viganja vyeupe. Damu pungufu. Nikampa vidonge vya madini ya chuma. Damu ikapanda, ikashuka tena. Tukapitisha kamera mdomoni: tumbo safi. Tukaipitisha kwa chini: utumbo mpana safi. Basi mimi, bingwa, nikaongeza vidonge! Miezi ikapita. Siku moja anavua viatu apande mizani, nikaona kovu unyayoni. "Mama, hili la nini?" "Ah, daktari, palikuwa na doa jeusi, likakatwa miaka tisa iliyopita. Lilishapona." Hakunificha, sikumuuliza. Tukammezesha kidonge chenye kamera, tukauona uvimbe mweusi katikati ya utumbo mwembamba, mahali ambapo mipira yetu yote miwili ya kamera haifiki.

Najua mtasema: miaka tisa, si ameshapona huyo? Lile doa lilikuwa melanoma, saratani ya seli zinazoipa ngozi rangi, na uvimbe ule wa utumboni ulitoka huko. Melanoma haina kalenda. Hunyamaza hata zaidi ya miaka kumi, kisha ikaibuka. Tena hupenda utumbo mwembamba kuliko sehemu nyingine ya njia ya chakula. Waliokufa kwa melanoma walipopasuliwa, katika baadhi ya uchunguzi hadi 60% walikutwa nayo kwenye njia ya chakula. Wakiwa hai tunawagundua wachache mno, chini ya 5%. Waliobaki tulikuwa tunawapa nini? Vidonge vya chuma.

Mwingine ananiambia, "Nikiuona weusi nitaijua." Haya, na isiyo na weusi je? Ipo, na hufanana na saratani nyingine za utumbo. Kata kipande, kipimwe kwa alama za kutambua seli za melanoma: S100, HMB-45, Melan-A, SOX10. Na tafadhali, kwenye fomu mwandikieni mwanapatholojia, yule anayepima kipande, kuhusu lile doa! Mnampelekea nyama bila historia, halafu mnalalamika jibu halieleweki.

Mengine haraka. Picha ya CT husaidia, ila vivimbe vidogo huvikosa. Kabla ya kidonge cha kamera hakikisha utumbo haujaziba, kisije kikakwama. Mtu mzima ambaye utumbo umejimeza wenyewe, yaani sehemu moja imeingia ndani ya nyingine, tafuteni uvimbe. Kuhusu matibabu nilikuwa na slaidi kumi na mbili. Naziruka, ila pimeni badiliko la jeni ya BRAF, maana karibu nusu ya melanoma za ngozi zina badiliko hilo na dawa zake zipo.

Maswali. Yule aliyeguna niliposema miaka tisa, aanze yeye.