Vijana wetu wa Lexington wanaingia chuo: hiyo skolashipu inalipa nini hasa?

Shikamooni wakubwa zangu wa Kasulu, wa Kigoma mjini, wa Uvira ng'ambo ya ziwa. Vijana, mambo vipi. Ni mimi dada yenu wa Lexington, Kentucky. Leo sipiki, wala siwatembezi dukani. Nimekaa kwenye gari nje ya shule, na nimewasha kamera kwa sababu simu zenu zimenizidi.

Kuna picha zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Watoto wetu, wengine wao wamezaliwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kasulu, wamevaa majoho na kushika vyeti vya skolashipu. Agosti hii wanaanza chuo. Na kila picha ikitua, hakosekani mjomba wa kuuliza: "Kapewa ngapi?" Jamani, mjomba! Hakuna aliyepewa bahasha.

Mnajua kazi yangu ni ukalimani. Mzazi akiitwa kuonana na mwalimu mshauri, mimi nakaa katikati, Kiingereza huku, Kiswahili kule. Kwa hiyo habari hii naijua kwa ndani. Majina msiniulize, sitataja.

Skolashipu wanayoipata wengi wao inaitwa KEES. Ni ya jimbo la Kentucky, ilianza kulipwa mwaka 1999, na ni ya ufaulu. Haiulizi baba ana kipato gani, isipokuwa sehemu moja nitakayoifikia. Kuna nyingine, Pell, ya serikali kuu, hiyo ndiyo inayochungulia mfuko wa mzazi. KEES inaangalia ripoti ya shule.

Sasa sikilizeni, maana haifanani na kwetu. Kwetu mtoto anasoma weee, halafu mtihani wa kidato cha sita unaamua kila kitu. Ndugu zangu wa Kongo nanyi mna Exetat yenu, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ni yale yale. Huku haiskuli ni miaka minne, darasa la tisa hadi la kumi na mbili, na kila mwaka unahesabiwa peke yake. Ukimaliza mwaka na GPA, yaani wastani wa alama, ya 2.5, umejiwekea dola 125. Ukiwa na 3.0, ni 250. Ukipata 4.0, ni 500. Wanajumlisha miaka yote minne, na hiyo jumla ndiyo utakayolipiwa kila mwaka ukiwa chuo. Juu yake kuna ACT, mtihani wa kuombea chuo: alama 15 inakuongezea dola 36, na kuanzia 28 kwenda juu inakuongezea 500. Kwa njia hiyo, aliyefanya vizuri kabisa anafikia dola 2,500 kwa mwaka. Chuo Kikuu cha Kentucky, ada peke yake kwa mkazi wa jimbo inapita dola 13,000 kwa mwaka. Bado hajala, hajalala, hajanunua kitabu. Mjomba, piga hesabu halafu unipigie tena.

Na hela zenyewe zinakwenda chuoni moja kwa moja, na GPA ikianguka chini ya 2.5 zinakatika.

Halafu zinatokana na bahati nasibu ya jimbo. Ndiyo, kamari. Siku moja nilipolitafsiri hilo kwenye kikao, baba mmoja, mzee wa kanisa, alikunja uso kabisa. Mkalimani hatoi maoni, nikanyamaza. Leo niko kwenye chaneli yangu, natoa: baba, mtoto hakucheza, alisoma. Saini.

Panaponiuma mimi ni kwa watoto waliochelewa kufika. Kuna binti mmoja alifika na umri mkubwa, akaingizwa moja kwa moja darasa la kumi na moja. Miaka miwili yote amepata 4.0, na Kiingereza alikuwa anajifunzia humo humo. Kajiwekea dola 1,000. Mwenzake aliyeanza darasa la tisa hapa hapa, akiwa na 4.0 zile zile, ana 2,000. Ukizidisha kwa miaka minne ya chuo, ni 4,000 dhidi ya 8,000. Hakuna aliyemwonea, ila ile miaka miwili mingine yeye alikuwa Kasulu na huku hakuna aliyekuwa anamhesabia. Ndiyo maana mzazi akinifuata koridoni baada ya kikao, akitaka mtoto arushwe darasa kwa sababu "ni mkubwa, ataona aibu", namwambia mwache aanzie chini kama umri unaruhusu. Aibu yenyewe haimalizi hata muhula.

Na Kifaransa mnakidharau bure. Shule za Wakongomani kule kambini zinafuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa. Huku kuna mitihani ya AP, ya kiwango cha chuo lakini inafanywa ukiwa haiskuli, Kifaransa kimo. Hapa ndipo KEES inapoangalia kipato: mtoto wa familia yenye kipato kidogo akifaulu vizuri, inamwongezea hadi dola 300 kwa mtihani mmoja. Watoto wangapi wanakaa na Kifaransa chao kimya, wakidhani Kiingereza tu ndiyo akili?

Yule binti wa 4.0, nilimuuliza anataka kusomea nini. Uuguzi, halafu awe mkunga. Mama yake alijifungua watoto kambini, na yeye ndiye aliyekuwa anatumwa usiku kwenda kumwita mtu. Baba yake anasema udaktari, kwa nini ujishushe? Nimemweleza baba taratibu: huku udaktari hauanzi ukitoka haiskuli. Ni digrii ya kwanza miaka minne, kisha shule ya udaktari miaka minne mingine, kisha mafunzo ya hospitali. Sheria nayo ni minne na mitatu. Muuguzi anaweza kumaliza digrii ndani ya miaka minne akaanza kazi. Baba akasema sawa. Ile sawa ya wazazi, mnaijua.

Kijana mwingine ndiye aliyezua kelele kwenye ukoo mpaka Uvira. Alama anazo, angeweza kwenda chuo kikuu. Kachagua FAME. Ni mafunzo yaliyoanzia hapa Kentucky mwaka 2010 kwa mkono wa Toyota, wenye kiwanda kikubwa Georgetown, jirani yetu upande wa kaskazini. Siku mbili darasani kwenye chuo cha jamii, siku tatu kiwandani, na unalipwa mshahara. Kama miaka miwili hivi unatoka na stashahada na mikono inayojua umeme, mitambo na roboti. KEES yake inafanya kazi huko pia.

Shangazi kapiga simu analia: "Tumemtuma Amerika akawe fundi?" Shangazi, huyo mtoto anasoma na analipwa. Akitaka uhandisi baadaye, mlango upo. Mimi kama ningekuwa na mtoto wa kiume wa umri huo, ningempeleka mwenyewe asubuhi na chai kwenye chupa.

Wa Dar, Mwanza, Nairobi mnaonitumia ujumbe kuomba fomu: KEES haina fomu. Shule ndiyo inayopeleka alama, na ni kwa raia au mwenye ukazi wa kudumu aliyesoma hapa Kentucky. Ukija na viza ya mwanafunzi, hii haikuhusu. Dalali akikuambia anaiuza, mfungie namba.

Na nyie mlioko Nyarugusu, najua safari za wakimbizi kuja Amerika zilisimamishwa Januari 2025 na wengi mmeumia. Mambo yakifunguka, zile ripoti za shule, bulletin za kila mwaka, zifungeni kwenye nailoni mzibebe mkononi, zisikae kwenye mizigo. Shule ya huku ikiona masomo uliyomaliza, inaweza kuyatambua. Bila karatasi wanakupanga wanavyoona wao.

Kengele ya shule imelia, nina kikao na mama mmoja na mwalimu wa hesabu. Mjomba, salamu nimefikisha.