Kofia ya Jua Bila Tundu Hata Moja

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana wa gereji mliosimama kule nyuma, sogeeni karibu, maana leo kuna cha kuona na cha kushika.

Gari hili hapa mbele ni Volkswagen ya mwaka 1962, ile ya mgongo wa kobe. Injini ya cc 1200 iko nyuma, nguvu farasi 34. Mwaka huohuo Tommy Fjastad alishinda Safari Rally kwa gari la namna hii, kwa hiyo wakubwa mliopo hapa halihitaji utambulisho kutoka kwangu. Mimi nimekuja kuzungumza juu ya hiki kibati kilichochomoza juu ya kioo cha mbele, mithili ya ukingo wa kapelo. Mafundi wengi wanakiita vaiza. Kwenye malori mnakiona kila siku, ni kile kibao juu ya kioo ambapo mwenye gari huandika jina la mama yake au neno la kumshukuru Mungu. Mimi nitaiita kofia ya jua.

Nina jambo moja kubwa la kuwaambia: kofia hii inafungwa bila kutoboa gari. Hata tundu moja. Nitaeleza kwa nini nimekuwa mkali hivyo.

Kwanza, kofia yenyewe imetoka wapi. Ilipata umaarufu Marekani, hasa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kampuni iliyojulikana sana kwa kazi hii ni Fulton ya Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin. Nyakati zile kioo cha gari kilikuwa cheupe, hakina rangi ya kupunguza mwanga. Kiyoyozi nacho kilikuwa cha matajiri. Packard waliuza magari yenye kiyoyozi tangu modeli ya 1940, lakini mkulima mwenye pikapu yake ya Chevrolet angekipatia wapi? Alichoweza ni kununua bati lililokunjwa vizuri, akalifunga juu ya kioo, likampa kivuli. Baadaye vikaja vioo vya rangi, vikaja na vioo vilivyopinda hadi ubavuni kama cha Cadillac Eldorado ya 1953, na kofia ikaanza kuonekana ya kizamani.

Nimekuja na kidude hiki, kipitisheni mkono kwa mkono, taratibu tafadhali. Ni kipande cha plastiki angavu chenye mistari iliyochongwa, kinakaa juu ya dashibodi. Madereva wa Marekani waligundua kwamba wakisimama kwenye taa za barabarani, kofia inawaziba wasione taa iliyoning'inia juu. Wakatengenezewa hiki. Kinashika mwanga wa taa kutoka juu na kuuleta machoni kwa dereva. Kishike hivi, ukielekeze kwenye ile taa ya dari. Umeona? Taa imeshuka mpaka mkononi mwako. Mimi nikikitazama nafurahi kila mara, kwa sababu kinaonyesha watu waliokaa wakamfikiria mtu aliye nyuma ya usukani, shingo inamuuma kwa kuchungulia.

Sasa turudi kwetu. Ukitoka Arusha asubuhi kwenda Moshi, jua linakutazama usoni. Ukirudi jioni, linakutazama tena. Wengi wanakuja kwangu wakidhani kofia itawaondolea taabu hiyo yote. Hapana, na ni haki yenu kujua kabla hamjatoa pesa. Huku kwetu karibu na ikweta jua hupanda kama nyuzi 15 kila saa. Saa kumi na mbili na nusu bado liko chini kabisa, linapita chini ya kofia na kuingia moja kwa moja machoni. Kofia inaanza kusaidia jua likishapanda kiasi. Kipimo ni rahisi: kaa kwenye kiti chako, mwenzako ashike kipande cha kadibodi mahali kofia itakapokaa, nawe utazame mpaka wapi anga linazibwa. Faida kubwa zaidi iko mchana. Dashibodi haichomi, usukani unashikika, na rangi ya ndani haifi haraka.

Nilisema nitaeleza ukali wangu. Nilipokuwa bado kijana katika kazi, mteja aliniletea gari la aina hii pamoja na kofia aliyoipata mahali. Haikuwa na vibano vyake. Nikachukua drili, nikatoboa matundu manne kwenye ukingo wa paa, nikafunga kwa skrubu na kupaka silikoni. Ilipendeza. Mteja alifurahi, nami nikalala usingizi. Baada ya masika mawili mwanawe alilirudisha gari. Kitambaa cha dari kilikuwa na duara za kahawia, kinanuka uvundo. Nilipokishusha, kutu ilikuwa imetoka kwenye yale matundu manne na kutembea ndani ya paa kila upande, mahali ambapo jicho halifiki mpaka uchelewe. Nilikata, nikachomelea, nikapiga pati, nikapaka rangi upya, na sikumtoza hata senti. Lakini paa lile halikuwa tena paa lililotoka kiwandani. Mtu alilitunza miaka yote hiyo, mimi nikaliharibu kwa dakika kumi. Tangu siku hiyo drili haikaribii kazi hii.

Haya, sogeeni muone inavyofungwa. Hapa juu ya mlango kuna mfereji wa maji ya mvua. Umezunguka ubavu wa paa, na ukingo wake ni bati imara lililokunjwa. Huo ndio unaobeba kofia. Kila upande una kibano kama kiganja: meno yake yanashika ukingo wa mfereji kwa chini, bolti inabana kwa juu. Bolti ya milimita 6, spana namba 10. Kabla ya kibano kukaa, safisha mfereji kwa mswaki na maji ya sabuni, ukauke kabisa. Ukikuta kutu, tibu kutu kwanza, kofia isubiri. Kisha kata kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, ukiweke kati ya kibano na rangi. Usiache chuma kugusa rangi popote. Kila mtikisiko wa barabara unasugua, na mahali panaposuguliwa ndipo kutu itakapozaliwa. Tena angalia kibano kisizibe mfereji; maji lazima yapate njia, la sivyo yatasimama hapohapo.

Katikati kuna mguu mmoja. Kwenye magari yenye kioo cha vipande viwili, kama zile pikapu za Chevrolet za kabla ya 1954, mguu huu unashika ule ukanda unaogawa kioo. Volkswagen hii ina kioo kimoja bapa, kwa hiyo mguu unaegemea kioo kwa kitako cha mpira. Hapa nawaomba subira kuliko mahali pengine popote. Mguu unapaswa kugusa, usisukume. Vioo vingi vya enzi hizo vikipasuka haviweki ufa. Vinasambaratika vyote kwa mara moja, na kupata kingine ni safari ndefu. Mimi nauleta mguu mpaka karatasi ya daftari ipite kati ya kitako na kioo kwa shida kidogo. Hapo ndipo nakaza.

Wenye magari ya modeli ya 1965 na za baadaye, msinunue kofia kabla ya kupima. Kuanzia modeli hiyo Volkswagen walikuza vioo, na kofia ya gari la kabla ya hapo haitakaa sawa.

Mambo mengine ni ya haraka. Tafuta katikati ya kioo kwa uzi. Funga pande zote mbili kwa kulegeza, weka mguu, halafu kaza kidogo kushoto, kidogo kulia, mpaka iishe. Fungua milango yote, nyanyua boneti taratibu hadi mwisho, hakikisha hakuna kinachogongana. Upande wa chini wa kofia upakwe rangi nyeusi isiyong'aa. Ukiacha inang'aa, itakurudishia mwanga wa boneti machoni, na utakuwa umenunua taabu ileile uliyokuwa unaikimbia.

Lakini upepo, ndugu zangu, upepo tuupe muda wake. Kofia hii ina upana wa mita 1 na ushehe, na imechomoza kama sentimita 20. Upepo ukiipiga kwa kuikabili, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa inapokea msukumo unaokaribia uzito wa kilo 2. Ukifika 80, mwendo umekuwa mara mbili tu, lakini nguvu imekuwa mara nne, karibu kilo 7. Ukifika 100 ni kilo 10 na zaidi kidogo, na sijahesabu basi linalokupita kutoka mbele. Mzigo huo wote unataka kuinyanyua kofia na kuitupa juu ya paa, iwapige walio nyuma yako. Ndiyo sababu ninatumia hii mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia nyama. Nafunga kamba laini kwenye ukingo wa kofia, navuta kwenda juu na nyuma mpaka mshale usome kilo 12. Kibano kikisogea hata unene wa ukucha, nafungua na kuanza upya. Mwenye gari simkabidhi ufunguo kabla ya hapo.

Kisha barabarani. Kilomita 40, sikiliza. Kilomita 60, sikiliza. Mlio wa filimbi unatokana na mwanya mdogo, mara nyingi kati ya kofia na paa, na unaondoka ukibadilisha mwinamo kidogo. Mlio wa kugonga ni jambo jingine. Ukiusikia huo, simamisha gari papo hapo. Baada ya kilomita 100 za mwanzo kaza tena, kwa sababu mpira mpya hujikandamiza na bolti hulegea bila mtu kuigusa. Tumieni nati zenye plastiki ndani, hazirudi nyuma ovyo.

Mwenye gari hili ameniruhusu niifungue kofia mbele yenu. Imekaa miaka mitatu, masika na vuli zote. Kijana, niletee spana namba 10. Naanza upande wa dereva. Tazameni chini ya mpira: rangi ni ileile, mfereji ni mkavu, hakuna alama.

Sasa nairudisha, kisha nitawaachia gari mlizunguke na mizani mnayo. Nitakapofunga, bolti moja nitailegeza makusudi, na sitasema ni ipi. Mtu aitafute kwa mkono wake, anieleze ameijuaje.